Kadi

Mjini hapa kadi ni nyingi.
Ya mchango, imeandikwa jina langu "na familia",
mwisho wa kulipa tarehe ishirini.
Ya kliniki, ya chama, ya bima,
na kadi ya gari, ambayo ukiishika
ndipo unajua gari ni la nani.

Ninayoulizia mimi ni kadi ya michoro.
Imejificha ndani ya sanduku jeusi
lililotoka Mtaa wa Likoma, Kariakoo,
begani kwa mpagazi, kisha kwenye bajaji,
mpaka Tabata Kimanga, chumba cha nyuma.

"Giga nane, dada," aliapa Sudi,
akalipiga sanduku kofi la mapenzi
kama muuza matikiti.
"Hii inakula chochote utakachoipa."

Ilikula sendofu ya Gaudensia mpaka dakika ya tatu,
ikakabwa.
Shela limenyanyuliwa nusu,
jicho moja linatazama kamera,
jingine limegeuka mirabamiraba
kama vigae vya bafuni.
Mama yake amepiga simu mara nne tangu asubuhi.
Ya tano sikupokea.

Basi nikauliza, kwa adabu.
Kipanya, kitufe cha kulia, orodha ya vifaa,
halafu kile kimshale kidogo
kinachofungua mlango wa waonyesha picha.
Jina likatokea, refu, lina namba nne mwishoni,
lilelile la Sudi, herufi kwa herufi.
Kumbukumbu: giga nane.
Nikaona aibu. Nilikuwa nimeshamtukana kimoyomoyo,
yeye na ukoo wake hadi babu wa nne.

Zamaradi, fundi wa ghorofa ya pili, hakuona aibu.
Alishuka na kanga kiunoni, bisibisi kwenye nywele,
akasoma kioo, akaguna.
"Umemuuliza nani?"
"Kompyuta."
"Na yenyewe imeambiwa na nani?"

Luku ikalia. Uniti nne.

"Kadi hujitaja," akasema,
"mashine huandika ilichotajiwa.
Ukiifunza kadi jina la kaka yake
itaitika jina hilo mpaka inakufa.
Zima. Chomoa waya. Shika bati kwanza."

Skrubu nne, ubavu ukatoka.
Vumbi la humo lilikuwa laini, la kijivu,
la mazulia ya watu wa mbali;
la kwetu lina mchanga.
Feni mbili, stika inayong'aa,
na chini ya stika gundi ya stika nyingine.
Akaifungua mgongo, akafuta uji mkavu
kwa pamba na spiriti.
Tukainamisha tochi ya simu.

Pale, juu ya kipande cheusi kama kioo,
maandishi membamba,
kama yale ya ndani ya pete ya ndoa:
namba nyingine kabisa.
Akahesabu vidonge vya kumbukumbu kwa ncha ya bisibisi,
akarudia kuhesabu.
"Giga moja," akasema, taratibu,
kama anayetaja umri wa mtoto.

Sitasema ilidanganya. Ilikuwa inaitika.
Na hilo liliniuma kuliko laki nne na nusu:
imebebeshwa nane kwa mgongo wa moja,
haijawahi kusema siwezi,
inakwama tu,
kwenye jicho la bibi harusi wa watu.

Usiku, kwa bando langu,
Zamaradi akaitafutia jina lake la kuzaliwa, akaivisha.
Asubuhi nikauliza tena.
Ikajibu jina fupi.
Nikaondoa mioyo inayopepea, maua, kumetameta kote,
nikapunguza ukubwa wa picha,
nikaiacha itembee mwendo wake.
Saa kumi jioni Gaudensia akanyanyua shela lote.
Macho mawili.

Kwa Sudi nitakwenda Jumatatu.
Nimeazima bisibisi.